Laptopu ya zamani ikikataa kuwaka: fuata umeme tangu ukutani

Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa kwetu ni zile nyeusi au za kijivu zilizostaafishwa maofisini huko nje: ThinkPad T430 ya Lenovo, Latitude E6430 ya Dell, EliteBook 8470p ya HP na ndugu zao wa mwaka 2012 hivi. Ni mashine ngumu. Betri inatoka kwa kusukuma kifungio tu, nyingi zinafunguka kwa bisibisi ya nyota, na vipuri vyake bado vipo. Ndiyo maana inaudhi kusikia mtu ameambiwa "bodi imekufa, tafuta nyingine" kabla fundi hajagusa hata fyuzi ya plagi.

Umeme wa laptopu una njia yake: soketi, plagi, waya, chaja, tundu la chaji, bodi, na pembeni betri. Kosa liko sehemu moja ya njia hiyo, na dalili yenyewe mara nyingi inakuambia ni wapi. Usinunue kitu kabla hujapima, na usifungue skrubu hata moja kabla hujamaliza vya nje. Vifaa ni multimita (ile ndogo ya bei rahisi inatosha), bisibisi, na chaja ya pili ya aina ileile ambayo utaiazima.

"Imekufa kabisa, haina hata taa"

Anza kwenye soketi. Chomeka chaja ya simu palepale uone kama inachaji. Utaona kama mchezo wa kitoto, lakini ekstensheni zetu zinachoka: taa nyekundu ya swichi inawaka, ndani chuma kimelegea na hakishiki pini.

Halafu plagi. Plagi za pini tatu bapa tunazotumia Tanzania, Kenya na Uganda zina fyuzi ndani, na kwa waya wa laptopu huwa ni ya ampea 3 au 5. Itoe, weka multimita kwenye sehemu ya mlio, gusa ncha mbili. Ikilia ni nzima. Isipolia weka nyingine ya ampea zilezile, na tafadhali usiizungushie karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi mpya ikiungua papo hapo, shoti iko kwenye waya au ndani ya chaja. Hapo acha, usijaribu ya tatu. Waya wa kutoka ukutani hadi kwenye boksi la chaja unachomoka, kwa hiyo azima wa jirani ujaribu kabla ya kuendelea.

Sasa pima chaja yenyewe, na hapa pana mtego unaowapata wengi. Multimita ndogo zina nafasi ya volti 20 DC na nafasi ya 200. Ile ya 20 inaishia 19.99. Chaja ya ThinkPad inatoa volti 20, mara nyingi na chembe juu yake, kwa hiyo kwenye nafasi ya 20 multimita itaandika 1 peke yake upande wa kushoto na mtu atasema chaja mbovu. Weka 200. Ncha nyekundu iguse ukuta wa ndani wa kichwa cha chaja, nyeusi iguse ukuta wa nje. Dell za miaka hiyo zinatakiwa kusoma 19.5, HP ni 18.5 hadi 19.5 kulingana na ilivyoandikwa kwenye chaja yenyewe, ThinkPad 20. Nusu volti juu au chini si neno.

Katikati ya kichwa kuna sindano nyembamba. Ncha yako isiguse sindano hiyo na ukuta wa ndani kwa pamoja, hasa kwa Dell. Sindano ile haipitishi umeme wa kuendesha laptopu. Inapitisha utambulisho tu, na volti 19.5 zikiiingia zinaua chipu ndogo iliyo ndani ya chaja. Utakuwa umepima chaja nzima na kuiacha mbovu.

Ukisoma sifuri, usiitupe bado. Kunja waya taratibu karibu na kichwa, kisha karibu na boksi, macho yakiwa kwenye multimita. Namba ikiruka kutoka 0 kwenda 19 na kurudi, waya umekatika ndani, na karibu kila mara ni pale shingoni unapokunjwa kila siku. Unakatwa na kuungwa kichwa kipya. Msimamie fundi hapo: waya wa Dell na HP una njia tatu ndani, ya chanya, ya hasi na ya utambulisho ambayo ni nyembamba kama uzi. Akiunga mbili na kuiacha ya tatu, laptopu itawaka vizuri, mtaachana kwa furaha, na usiku utagundua haipokei chaji.

Chaja ni nzima na laptopu bado kimya? Toa betri, chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie sekunde 30. Si uganga. Kwenye bodi kuna chipu ndogo inayosimamia kitufe, betri, chaji na kibodi, na haizimi hata laptopu ikizimwa, kwa sababu lazima iwe macho kungoja ubonyeze kitufe. Umeme ukiwaka na kuzima hovyo, chipu hiyo inaweza kuganda. Ukiondoa betri na chaja na kumaliza mabaki ya umeme kwa kubonyeza, inaanza upya.

Kisha chomeka chaja peke yake, bila betri, uwashe. Baadaye jaribu betri peke yake, bila chaja, kama unajua ina chaji. Ikiwaka kwa chaja na kukataa ukirudisha betri, betri ina kasoro ndani na ndiyo inayozuia. Ikiwaka kwa betri na kukataa kwa chaja, tatizo ni tundu la chaji au vipande vya kwanza vya bodi vilivyo nyuma yake. Ikikataa kwa vyote viwili, inabaki bodi au kitufe.

Na kitufe hufa. Utepe wake mwembamba huchomoka hasa baada ya fundi kubadilisha kibodi. Mashine hizi tatu nilizotaja zina mdomo chini wa kukalia kwenye doki (kile kitako cha mezani cha ofisini), na doki ina kitufe chake cha kuwasha. Ukipata doki ya kuazima, kalisha laptopu juu yake uwashie hapo. Ikiwaka, bodi yako haina ubaya wowote. Ni utepe wa kitufe.

"Taa ya chaja inazima nikichomeka"

Dalili hii ni nzuri kwa mpimaji maana inaongea waziwazi. Chaja ina taa, taa inawaka, ukiingiza kwenye laptopu inazima au inapepesa, ukichomoa inarudi. Chaja inajilinda. Ama yenyewe imechoka na haiwezi kubeba mzigo, ama laptopu ina shoti mlangoni. Leta chaja ya pili. Ikifanya vivyo hivyo, ni shoti kwenye bodi, na kuendelea kuchomeka kunaongeza moto pale palipoungua. Ruka mpaka sehemu ya mwisho.

Ukisikia chaja inalia kama nzi kwenye umeme wa jenereta ndogo au inveta ya bei rahisi, huo ni ubovu wa umeme unaoingia. Jaribu kwenye umeme safi kabla ya kuilaumu.

"Inawaka, lakini haipokei chaji"

Kwanza ondoa jambo lisilo ugonjwa. Chaji ikisimama kwenye 80 au 60 kila siku, mara nyingi ni mpangilio wa kutunza betri uliowekwa na ofisi iliyoimiliki kabla yako. Kwenye Lenovo unapatikana kwenye programu yao ya Vantage, kwenye Dell mpya kidogo uko kwenye BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows. Watu wamenunua betri mpya kwa ajili ya mpangilio huu.

Dell ikiwaka na kukuandikia kwamba haiwezi kutambua aina ya chaja, rudi kwenye ile sindano. Laptopu inauliza chaja "wewe ni wati ngapi?" kupitia njia ya tatu, na isipojibiwa inakataa kuchaji betri na kupunguza mwendo wa prosesa ili isizidiwe. Kwa hiyo "haichaji na imekuwa nzito sana" kwa Dell ni malalamiko mamoja, si mawili, na kufuta Windows hakutasaidia. Chunguza kama sindano imepinda au imezama, kisha jaribu chaja nyingine. Ujumbe ukiendelea hata kwa chaja unayoiamini, ni tundu la chaji. Kwenye Latitude E6430 tundu limeungwa kwa waya na plagi ndogo, halikulehemiwa kwenye bodi. Ni kipuri cha kuchomoa na kuchomeka.

Tundu linalolegea lina alama yake: unashika waya kwa pembe fulani ndipo inachaji, na ukichomoa kichwa cha chaja unakikuta cha moto. Moto huo unatoka pale chuma kinapogusana vibaya. Usiukawize, kwani plastiki ya tundu huyeyuka na kuharibu kichwa cha chaja nacho.

ThinkPad T430 na X230 zina tabia yao ya peke yao: zinakagua betri. Ukiweka betri ambayo haina utambulisho wa Lenovo, mashine itakuambia betri hii haikubaliki na haitachajiwa. T420 ya 2011 haikuwa na ukali huo. Kwa hiyo unaponunua betri ya T430 isiyo ya kiwandani, iweke palepale dukani, chomeka chaja, na usitoe hela mpaka uone asilimia inapanda.

"Ina asilimia 30 halafu inazima puu"

Hapa ni betri, na ndiyo sehemu inayohitaji maelezo zaidi kwa sababu asilimia inayoonyeshwa pale chini haipimwi kama maji kwenye ndoo. Ni makadirio ya chipu iliyo ndani ya betri.

Betri ya kawaida ya mashine hizi ina seli 6 za duara, kila moja kipenyo milimita 18 na urefu 65. Zimepangwa jozi tatu zikifuatana, ndiyo maana ganda limeandikwa volti 10.8 au 11.1. Seli ikizeeka inapoteza vitu viwili. Inabeba chaji kidogo kuliko zamani, na pia inakuwa na ukinzani mkubwa ndani, kama mrija mwembamba wa juisi: kinywaji kimo, ila hakitoki kwa kasi. Ukiwa unaandika barua tu, laptopu inavuta wati kama 10 na betri inamudu. Ukifungua video, prosesa ya T430 peke yake inaweza kufika wati 35. Jumla ya wati 40 kwa volti 10.8 ni karibu ampea 4. Volti zinaporomoka ghafla, jozi dhaifu kuliko zote inafika chini, chipu ya ulinzi inakata. Laptopu haizimwi kwa utaratibu, inakatwa. Ukiwasha tena inasema 30, kwa sababu mzigo umeondoka na volti zimepanda.

Ili kuona hali yake, kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Itatengeneza ukurasa, ufungue kwenye kivinjari. Kwenye orodha ya betri kuna uwezo iliotoka nao kiwandani, na chini yake uwezo wa sasa ikiwa imejaa. Kwenye Linux andika upower -d utapata namba hizohizo. Betri ya seli 6 ya T430 ilianza na mWh (milliwati-saa) 56,160. Ukikuta sasa ni 19,000, imebaki na theluthi. Chini ya nusu mimi huihesabu betri kama kinga ya umeme kukatika, ya kukupa nafasi ya kuhifadhi kazi, basi.

Kama namba za ripoti ni nzuri na bado inazima, huenda makadirio yamepotoka. Ijaze hadi 100, itumie kwa kazi nyepesi hadi ijizime, ijaze tena bila kukatiza. Ikirudia kuzima palepale, ni jozi moja ya seli imekufa.

Kuna mafundi wanaopasua betri na kuweka seli nyingine. Siwashauri wengi wafanye hivyo. Chipu za ulinzi kwenye betri nyingi za laptopu zikipoteza umeme wa seli hujifunga, na hazifunguki bila kifaa maalumu, kwa hiyo unaishia na seli nzuri ndani ya betri iliyokufa. Pia wapo wanaoweka seli zilizotolewa kwenye betri nyingine mbovu. Betri iliyokaa kabatini muda mrefu na volti zikashuka sana, usiifufue kwa kuiunganisha na chaja moja kwa moja kwa nyaya. Seli iliyoshuka hivyo inaweza kushika moto ikilazimishwa.

Ukinunua mpya, nenda nayo kwenye mizani ya duka la vyakula. Seli moja nzima ina gramu 45 hivi. Sita ni 270 kabla ya ganda. Betri inayodai seli 6 na haifiki gramu 270 imekupunja waziwazi.

Kwa laptopu zenye betri bapa za ndani, angalia kama sehemu ya kugusia kidole imeinuka au kifuniko hakifungi sawasawa. Betri imevimba. Usiikandamize wala kuitoboa. Zima mashine, itoe kwa mkono bila chuma chenye ncha, iweke nje mbali na vitu vinavyoungua.

"Inazima yenyewe hata ikiwa kwenye chaja"

Hesabu muda na shika tumbo la laptopu. Ikizima baada ya robo saa ya kazi, chini ni ya moto, na ukiwasha mara moja inazima haraka zaidi ila ikipumzika inarudi, hilo ni joto. Prosesa za Intel za kizazi hicho hupunguza mwendo joto likifika kama nyuzi 105, na likizidi kupanda mashine hujikata yenyewe. Kati ya feni na mapezi ya shaba kunajengeka tandiko la vumbi unaloweza kulinyanyua kwa kibano kama kipande cha blanketi. Kwenye E6430 kifuniko cha chini kikitoka feni iko mbele yako; T430 inakudai utoe kibodi na sehemu ya kuwekea viganja. Shikilia pangaboi la feni kwa kijiti unapopuliza. Futa pesti ya zamani ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Na kama hii ndiyo laptopu inayotumika kitandani juu ya shuka, weka ubao chini yake.

Ikizima bila kujali joto, hasa ukiisogeza au ukiinyanyua upande mmoja, rudi kwenye tundu la chaji na mguso wa betri.

Visivyo vya umeme ingawa vinafanana

Taa zinawaka, feni inazunguka, skrini nyeusi: umeme unafika. Toa RAM (vijikadi vya kumbukumbu), safisha meno yake kwa kifutio laini, jaribu moja moja katika kila nafasi. Saa inarudi miaka ya nyuma na kivinjari kinakataa tovuti kwa madai ya usalama: betri ndogo ya CR2032 ya volti 3 iliyoko kwenye bodi imeisha.

Mwili unatekenya ukigusa chuma ikiwa kwenye chaji, au mshale wa kipanya unarukaruka: chaja haina njia ya ardhi. Kuna uvujaji mdogo ambao kwa kawaida unashuka kupitia pini ya tatu, na ukitumia plagi ya pini mbili au soketi isiyo na waya wa ardhi, unapitia kwako. Tumia waya wa pini tatu kwenye soketi yenye ardhi ya kweli. Kama tatizo linabaki, jaribu chaja nyingine. Chaja feki zina ugonjwa huu pia.

Ikibaki bodi

Umefika hapa kwa sababu chaja ni nzima, tundu ni zima, betri imetolewa, na bado kimya au taa ya chaja inazima. Kwa wanaokaa pwani, fungua na uangalie kwa tochi kabla ya kupima: hewa ya chumvi huacha ukungu wa kijani kwenye miguu ya chipu, na mende hupenda joto la laptopu, huacha uchafu unaopitisha umeme. Brashi laini na spiriti safi ya aisopropili vimefufua bodi ambazo hazikuwa na kosa lingine.

Kisha, bila chaja wala betri, weka multimita kwenye mlio na uguse chanya ya tundu na hasi. Mlio unaoendelea ni shoti. Mara nyingi ni kapasita moja ndogo ya kauri kwenye njia ya volti 19, ambayo ukiiangalia haina doa. Fundi mwenye sapulai ya umeme inayorekebishwa volti huingiza volti 1 kwenye njia hiyo, anapaka spiriti juu ya bodi, na kutazama inakaukia wapi kwanza. Hapo ndipo panapochemka. Kapasita ikitolewa na mlio ukaisha, kazi kubwa imekwisha. Kusipokuwa na shoti, zinafuata transista mbili za mlangoni, halafu volti 3.3 na 5 ambazo lazima ziwepo kabla hata ya kubonyeza kitufe.

Kwa hiyo unapompelekea fundi, usimwambie "haiwaki". Mwambie chaja inasoma ngapi, imejaribiwa bila betri, na tundu linalia au halilii. Jibu lake litakuonyesha upesi kama anapima au anabahatisha. Akitaka kuchemsha bodi nzima kwa hewa ya moto "ili ishtuke", ichukue uondoke nayo. Na kabla ya kuiacha kwa yeyote, toa diski; kwenye mashine hizi imeshikwa kwa skrubu chache tu, na ndiyo yenye kazi zako.